Ni damu yetu? Jibu kwa baba aliyempoteza mwanawe



Wiki chache zilizopita tuliswalia jeneza la mtoto wa miaka saba msikitini kwetu. Jeneza dogo halihitaji wabebaji wengi, lakini siku ile kila mtu alitaka kulishika. Mtoto alikuwa mwanafunzi wa madrasa yetu, na juzuu Amma alikuwa ameifikisha katikati. Ugonjwa wake ulichukua miezi michache. Jicho moja lilianza kwenda kombo, kisha akawa anayumba anapotembea, na mwishowe kumeza hata uji kukawa taabu. Madaktari walieleza kwamba ana uvimbe ndani ya shina la ubongo, mahali ambapo mpasuaji hawezi kuukata bila kudhuru sehemu zinazoendesha pumzi na mapigo ya moyo.

Siku ya tatu ya tanzia, baba wa mtoto alitufuata barazani akaketi kando yetu. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Ustadh, nambie ukweli. Ni damu yetu?"

Alikuwa ameyasikia maneno. Wapo waliosema kwamba upande wa mama una ugonjwa wa ukoo. Wapo waliosema kwamba mama alikula visivyofaa alipokuwa mjamzito. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuingia chumbani, na wanandoa wale walikuwa wakijiuliza kama wathubutu kuomba mtoto mwingine. Siku ile hatukumjibu ila kwa dua, kwa kuwa hatukuwa na elimu ya kumjibu. Tulikwenda kuwauliza wenye ujuzi, tukasoma, tukarudi kuuliza tena. Makala haya ndiyo jibu lake, na tunayachapisha kwa idhini yake kwa sababu tunajua kwamba si yeye peke yake mwenye swali hili.

Kitabu kimoja, usomaji mbalimbali

Karibu kila seli yenye kiini ndani ya mwili wa mwanadamu imebeba nakala kamili ya maelekezo ya urithi, yaani DNA. Herufi zake ni takribani bilioni sita, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Seli ya jicho na seli ya ini zina maandishi yale yale, na bado jicho linaona na ini linasafisha damu. Tofauti ya seli hizo haimo katika maandishi. Imo katika kurasa zinazosomwa na kurasa zilizofungwa.

DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia urefu wa mita mbili hivi, nayo imewekwa ndani ya kiini chenye upana wa takribani sehemu moja ya mia ya milimita. Haikusokomezwa humo ovyo. Imezungushwa kama uzi unavyozungushwa kwenye bobini ya cherehani, na bobini hizo ni za protini ziitwazo histoni. Histoni nane hukaa pamoja kufanya bobini moja, na uzi huizunguka karibu mara mbili, kwa urefu wa herufi 147 hivi. Seli moja ya mwanadamu ina bobini zipatazo milioni 30. Uzi pamoja na bobini zake zote ndio uitwao kromatini.

Histoni zilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1884 na mwanasayansi wa Kijerumani Albrecht Kossel. Kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa ni vifungashio tu. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake mjini New York walipendekeza kwamba kuna viambata vidogo vya kemikali vinavyopachikwa juu ya histoni, navyo vina uhusiano na kusomwa kwa jeni. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla ya rai hiyo kupata nguvu kamili. Mwaka 1996 David Allis na wenzake walikitambua kimeng'enya kinachopachika alama mojawapo, wakaona kwamba kinafanana na protini ya hamira iliyokwisha kujulikana kuwa huwasha jeni.

Alama hizo hukaa hasa kwenye mikia ya histoni inayochomoza nje ya bobini. Alama iitwayo asetili ikiwekwa, mshiko wa uzi hulegea na jeni husomeka kwa wepesi. Alama tatu za methili zikiwekwa kwenye nafasi ya 27 ya mkia wa histoni iitwayo H3, jeni za mahali pale hufungwa. Msomaji wa msahafu ataelewa upesi. Alama za waqfu haziongezi wala hazipunguzi herufi hata moja, ila humwambia msomaji asimame wapi na aendelee wapi.

Siku ya kunakili

Mtoto hukua kwa seli kugawanyika. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, kazi inayochukua takribani saa nane. Uzi wenye sehemu mbili hufunguliwa, na kila sehemu hutengenezewa mwenzake kwa kulinganisha herufi kwa herufi. Makosa husahihishwa papo hapo, hata hubaki kosa moja hivi katika kila herufi bilioni moja.

Lakini ili mashine ya kunakili ipite, kila bobini iliyo njiani haina budi kuvunjwa. Herufi zina kielelezo cha kulinganishia, nazo alama zilizokuwa juu ya bobini hazina. Alama zikipotea, seli ya ini itajuaje kwamba ni seli ya ini?

Tuchukue mfano wa halaka. Tuseme tuna halaka ya wanafunzi 30 waliohifadhi sura moja, nasi tumeamua kuigawa iwe halaka mbili za watu 30 kila moja, katika misikiti miwili. Wajuzi hawawezi kuongezeka kwa usiku mmoja. Itatubidi kuwapeleka 15 huku na 15 kule, na kuzijaza nafasi tupu kwa wageni wasiojua hata aya moja. Kisha kila mjuzi aketi pembeni ya mgeni amsomeshe, mpaka halaka zote mbili ziwe kama ile ya kwanza.

Seli nayo hufanya hivyo. Histoni kongwe za H3 na H4, pamoja na alama zake, hazitupwi. Hugawanywa baina ya nakala mbili za uzi, nusu huku na nusu kule, tena hurudishwa karibu na mahali zilipokuwa. Mapengo hujazwa kwa histoni mpya. Hizo mpya hufika na alama za asetili zinazozitambulisha kuwa ni ngeni, na alama hizo huondolewa muda mfupi baada ya histoni kukaa mahali pake.

Mwaka 2018 kundi la Anja Groth mjini Copenhagen, Denmark, lilionesha namna mgawanyo huo unavyosimamiwa katika seli za panya. Protini iitwayo MCM2, ambayo ni sehemu ya mashine yenyewe ya kunakili, huzishika histoni kongwe na kuzielekeza kwenye mmoja wa nyuzi mbili mpya. Watafiti walipoiharibu sehemu yake inayoshika histoni, histoni kongwe ziliegemea upande mmoja. Mwaka huo huo kundi jingine lilichunguza hamira, ile ile inayoumua maandazi yetu, likaona kwamba sehemu nyingine ya mashine hufanya kazi hiyo kwa upande wa pili. Ikiondolewa, histoni kongwe huegemea upande wa MCM2. Kwa lugha ya mfano wetu, halaka moja ilipata wajuzi wengi kupita haki yake, na nyingine ikabaki na wageni.

Kumbukumbu inayohitaji muraja'a

Mgawanyo wa haki ni nusu ya kazi. Baada ya kunakili, kila upande una nusu tu ya alama zake za asili. Kama hakuna kinachofanyika, mgawanyiko wa pili utaacha robo, wa tatu utaacha thumni, na wa kumi utaacha chini ya sehemu moja ya elfu. Kila aliyewahi kuhifadhi Qur'ani anaijua hesabu hii katika kifua chake. Kilichohifadhiwa kisiporejewa, hutoka.

Seli ina vimeng'enya vyenye kazi ya muraja'a. Kimoja huitwa PRC2, nacho ndicho kinachoweka ile alama ya kufunga kwenye nafasi ya 27. Kina sehemu inayosoma na sehemu inayoandika. Sehemu inayosoma ikiikuta alama juu ya histoni kongwe, huichangamsha sehemu inayoandika, nayo huandika alama hiyo hiyo juu ya histoni mpya iliyo jirani. Kwa njia hiyo mjuzi humfundisha aliyekaa pembeni yake. Kazi hii haimaliziki upesi. Alama nyingine hurejea baada ya saa chache, ilhali alama za kufunga huweza kuchukua muda mrefu zaidi, hata kupita mzunguko mmoja wa seli. Seli huingia katika mgawanyiko mpya ikiwa bado inamalizia muraja'a wa mgawanyiko uliopita.

Je, alama yenyewe ndiyo inayobeba kumbukumbu, au ni dalili tu ya jambo jingine? Swali hili lilijibiwa kwa sehemu mwaka 2015 na makundi mawili, moja la Marekani na moja la Scotland. Walitumia kiumbe cha seli moja chenye jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe. Neno hilo la mwisho ni letu, kwa kuwa kiumbe hicho kilipatikana mwishoni mwa karne ya 19 katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Kinywaji ni haramu, ila maarifa yaliyotokana na kiumbe hicho yamewafaa wengi.

Watafiti walikipeleka kimeng'enya cha kuandika mahali ambapo hapakuwa na alama ya kufunga, kikaiweka, kisha wakakiondoa pale. Katika seli za kawaida alama ilifutika upesi, kwa sababu seli ina vimeng'enya vya kufuta pia. Walipokiondoa kimeng'enya cha kufuta, alama ilirithiwa kizazi baada ya kizazi, ingawa chanzo chake kilikuwa kimekwisha kuondoka. Kutokana na hapo tunajifunza kwamba alama inaweza kujirithisha, na kwamba hudumu kwa mizani baina ya anayeandika na anayefuta.

Kosa la herufi moja

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yaligundua jambo lisilotarajiwa katika uvimbe wa shina la ubongo wa watoto. Takribani visa vinane kati ya kumi vilikuwa na kosa katika jeni ya histoni H3, tena mahali pale pale pa nafasi ya 27. Herufi moja tu ya DNA ilikuwa imebadilika. Kwa sababu ya herufi hiyo, lisini, ambayo ndiyo inayopokea alama ya kufunga, ilikuwa imeondoka na mahali pake pakakaliwa na methionini, isiyoweza kuipokea.

Mtu ana jeni nyingi za H3, na katika uvimbe huu ni nakala moja tu iliyoharibika. Histoni mbovu ni sehemu ndogo ya histoni zote. Lakini ubaya wake hauishii kwake, kwa maana humkwamisha mwandishi mwenyewe, PRC2, hata alama za kufunga hupungua karibu katika kromatini yote. Katika halaka yetu ni sawa na mgeni mmoja aliyemshika ustadh mkono, asiweze kuwafikia wengine. Seli inagawanyika, wajuzi wanagawanywa, muraja'a haukamiliki. Kurasa zilizopaswa kufungwa hubaki wazi, na seli changa ya ubongo iliyopaswa kukomaa na kutulia huendelea kugawanyika. Kosa hili aghalabu huandamana na makosa mengine, ila lenyewe huonekana kuwa miongoni mwa ya mwanzo.

Jibu kwa baba na mama ni hili. Katika visa vya uvimbe huo, kosa hilo la histoni halikurithiwa kutoka kwa mama wala baba. Halimo katika damu ya wazazi, na kwa kawaida halimo hata katika seli nyingine za mtoto mwenyewe. Huzuka katika seli ya ubongo unaokua, pasipo mtu kulitenda. Hakuna chakula cha mjamzito kinachojulikana kulisababisha. Uvimbe wa mtoto huyu haukuchukuliwa sampuli, hivyo tunazungumzia ugonjwa wa aina yake na si kipimo chake. Zipo pia familia chache zenye urithi wa saratani za namna nyingi, nazo zinapaswa kumweleza daktari. Baba huyu aliulizwa na daktari kuhusu ndugu wa pande zote mbili, na hakuna kilichoonekana. Kwa hiyo asiogope kuomba mtoto mwingine kwa sababu ya hili.

Kuhusu tiba, tuseme ukweli bila kuuza matumaini. Tiba ya mionzi huwapa watoto wengi nafuu ya miezi, kisha uvimbe hurudi. Mwezi Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa masharti dawa ya kwanza iliyolengwa kwa uvimbe wenye kosa hili, iitwayo dordaviprone, kwa wagonjwa ambao ugonjwa umeendelea baada ya tiba ya awali. Huusinyaza uvimbe wa baadhi yao. Haijawa ponyo, lakini miaka 13 kabla yake hapakuwa na hata jina la kosa lenyewe.

Mambo mawili ya kujihadhari

La kwanza ni wachuuzi. Neno "jeni" limeingia sokoni, na wapo wanaouza vidonge na vinywaji kwa madai kwamba vinasafisha jeni au vinafuta magonjwa ya ukoo. Alama za histoni zimo katika mabilioni ya mahali, na alama ile ile yenye manufaa katika seli moja huwa na madhara katika nyingine. Mwaka 2020 iliidhinishwa Marekani dawa ya kumzuia mwandishi yule yule, PRC2, kwa wagonjwa wa saratani nyingine adimu, ambao kwao kazi yake ndiyo inayolisha ugonjwa. Kinachomponya mmoja kinaweza kumdhuru mwingine. Chupa ya mtaani haiwezi kulijua hilo.

La pili linatuhusu sisi tuliosoma vyuo vya dini. Tunahimizwa na Qur'ani kuzitazama ishara zilizomo ndani ya nafsi zetu, na bila shaka haya tuliyoyaeleza ni miongoni mwazo. Lakini tusichukue aya tukailazimisha iseme histoni. Elimu ya maabara hurekebishwa kila mwaka, na aya tuliyoifunga kwenye jambo la leo itaonekana kukosea kesho, ilhali aliyekosea ni sisi. Inatosha kumsabihi Muumba kwa kile tulichokiona.

Sasa tuseme na waliohudhuria tanzia ile, sisi wenyewe tukiwemo, kwani tuliyasikia maneno tukanyamaza. Tumekatazwa dhana, na tumekatazwa kumsingizia mtu jambo asilolitenda. Kumwambia mama aliyefiwa kwamba ugonjwa umetoka kwenye ukoo wake, bila elimu, ni kumzika mtoto mara ya pili mbele ya macho yake. Anayekwenda kuhani aende na dua na chakula. Akikosa la kusema, akae kimya karibu na wafiwa, na hilo lina ujira wake inshaAllah.

Kabla ya kuyapeleka makala haya gazetini tulimsomea baba wa mtoto, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatuomba jambo moja: tufike nyumbani kwao Ijumaa baada ya swala, tumsomee pia mama yake mzazi, kwa kuwa maneno mengine yalianzia kwake, naye hajui kusoma. Tumekubali, na tutakwenda.

Mwenyezi Mungu awape wazazi wote waliofiwa subira njema, na awajaalie watoto wao wawe watangulizi wao Peponi. Wabillahi tawfiq.